Nyanya zinaoza kitako, dawa ya ukungu ya nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina bustani ndogo ya nyanya nyumbani. Kiangazi kinaelekea ukingoni na miche imezaa vizuri, lakini matunda mengi yanaingia doa la kahawia kitakoni, kisha linakuwa jeusi na kudidimia. Majani yako salama. Niliuziwa dawa ya ukungu, nimeshapuliza mara mbili, sioni nafuu. Sasa nashauriwa niongeze kipimo na nifukie maganda ya mayai kwenye mashina. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiongeze kipimo, tafadhali. Tena acha kabisa kupuliza, kwa sababu hakuna ukungu wa kuua hapo.

Huko ni kuoza kitako. Hauletwi na ukungu, bakteria wala mdudu, na hauambukizi tunda la jirani. Shika tunda moja ulitazame vizuri: doa limekaa upande ule ua lilipokuwa, limekauka na kukazana kama ngozi ya kiatu. Ukikuta utando mweusi juu yake, ni kuvu waliokuja baadaye kula sehemu iliyokwisha kufa. Bakajani, yaani ugonjwa wa ukungu wa nyanya, ambayo ndiyo wengi huiogopa, ingeonekana pia kwenye majani na mashina, nawe umesema majani yako salama. Aliyekuuzia dawa alipaswa kukuuliza hilo kwanza.

Kinachotokea ni kwamba kitako cha tunda changa kinakosa kalsiamu, madini yanayoshikilia kuta za chembe hai. Watu wakisikia hivyo tu, wanakimbilia maganda ya mayai, na hapa ndipo ninapochoka, maana swali hili halipiti msimu bila kuniijia. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni tele. Inayokosekana ni njia ya kufika kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa zaidi na majani, kwa kuwa ndiyo yanayopoteza unyevu kwa wingi. Tunda hupata kidogo. Siku za jua kali, udongo ukikauka halafu ukafurikishwa, kisha ukaachwa ukauke tena, hata hicho kidogo hukatika. Kidonda huanza tunda likiwa dogo bado. Wewe unakuja kukiona limeshanenepa, ukidhani kimeingia jana.

Maganda ya mayai ni chokaa ngumu inayochukua muda mrefu mno kuyeyuka udongoni, hasa yakiwa vipandevipande. Hayataokoa matunda ya msimu huu. Kupuliza kalsiamu kwenye majani nako hakufai kitu, kwa sababu ikishaingia jani haihami kwenda kwenye tunda. Kibaya kuliko vyote ni chumvi ya magnesiamu, inayosifiwa kila kona kuwa tiba ya nyanya. Magnesiamu hushindana na kalsiamu mizizini, kwa hiyo unaweza kulikuza tatizo lilelile unalolikimbia.

Shughulikia maji. Chimbua kwa kidole karibu na shina hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu, mwagilia taratibu hadi maji yashuke sentimita 15 hadi 20. Kunyunyizia juujuu kila jioni kunailea mizizi ya juu, ambayo jua la kesho linaikausha. Kisha tandaza nyasi kavu au majani unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Usipalilie kwa jembe karibu na mmea, unakata mizizi inayonywa. Mbolea ya kukuzia isimamishe kwa sasa: nitrojeni nyingi huongeza majani, na majani ndiyo yanayolinyang'anya tunda maji. Kama una miche kwenye ndoo au vyungu, hiyo huenda ikahitaji maji kila siku.

Matunda yaliyoharibika hayatapona, yachume. Yatakayofunga baada ya maji kutulia ndiyo utakayoyapimia kazi yako. Pilipili hoho, bilinganya na matikiti nayo huoza kitako kwa sababu hiyohiyo.

Dawa yenyewe ndiyo inayonitia hofu zaidi. Bustani ya nyumbani huchumwa leo, kesho na keshokutwa, na watoto hula nyanya papo hapo shinani. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye lebo, pamoja na kipimo ambacho muuzaji hana ruhusa ya kukizidisha. Soma lebo ya hiyo uliyopuliza, hesabu siku tangu mara ya mwisho, na kabla hazijatimia usile wala usigawe hata tunda moja. Kama uliuziwa kwenye chupa isiyo na lebo, usile kabisa matunda yaliyopulizwa, na chupa hiyo mpelekee afisa kilimo aione.