Rafiki akiachishwa kazi, msimtoe kwenye mchezo, na hesabuni siku 30

Dada yangu, umesema rafiki yenu kaachishwa kazi wiki mbili sasa, simu hapokei, na wenzenu wanataka atolewe kwenye mchezo wenu wa kuchangiana fedha kwa zamu, kabla zamu yake haijafika. Jambo hilihili limetupitia sisi hapa Dar, kundi la wanawake tuliojuana kiwandani, Barabara ya Nyerere. Nitakujibu kwa urefu, maana kuna kitu hapo hakisubiri.

Anza na barua yake ya kuachishwa, angalia tarehe. Mtu akiona ameachishwa kazi kwa uonevu, anatakiwa kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara ambayo haikulipwa, yana siku 60. Muda ukipita inabidi kwanza uombe kusikilizwa nje ya muda, na utoe sababu nzito. Sasa fikiria: mtu kapigwa na butwaa, analala mpaka saa nne asubuhi, majirani anawakwepa, na siku zinakwenda. Shoga yetu, yule rafiki yetu aliyeachishwa, alikuwa hivyohivyo. Tulimfuata nyumbani Ukonga baada ya kuona kwenye kundi la WhatsApp hasemi kitu, hata msiba ulipotangazwa hakutoa pole. Hilo si kawaida yake kabisa.

Tulikuta barua inasema kazi imeisha siku ileile, "kupunguza wafanyakazi". Hakuna kikao, hakuna notisi. Mmoja wetu ana kaka anayefanya kazi chama cha wafanyakazi, tukampigia palepale. Akatueleza kwamba kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 au alipwe fedha badala yake. Kwamba mwajiri anayepunguza watu anapaswa kuwaita na kuzungumza nao kwanza. Na kwamba kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Shoga yetu alikuwa na miaka sita kamili kazini, yaani siku 42. Juu yake likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Uso wake ulibadilika tulipoandika hizo hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Mpaka hapo alikuwa anaamini hana anachodai.

Tulikwenda naye kujaza fomu ya malalamiko ya CMA. Nakala moja anapewa mwajiri asaini kwamba amepokea, ndipo unawasilisha. Hakuna ada. Usimwache aende peke yake, hasa kupeleka ile nakala, maana kurudi kwenye geti ulilotolewa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Shauri lake liliishia kwenye usuluhishi: alilipwa notisi, likizo na kiinua mgongo. Kazi hakurudishwa.

Sasa mchezo. Naelewa hofu ya wenzako, na wala si roho mbaya. Kwetu pia mmoja alisema waziwazi, "Akishakula, atalipa na nini?" Swali la haki. Tulikuwa watu kumi, elfu hamsini kila mwezi, fungu laki tano, na shoga yetu alikuwa wa mwisho kabisa. Aliyekuwa na zamu mwezi ule akakubali kubadilishana naye. Baada ya hapo ilibaki mizunguko minne, kwa hiyo tukakata laki mbili za michango yake ya mbele zikakaa kwa kijumbe, yule anayetukusanyia michango, na shoga yetu akaondoka na laki tatu. Deni halikuwepo, na hakuna aliyelala na wasiwasi. Ukimtoa sasa unamnyang'anya akiba yake mwenyewe wakati ndipo anaihitaji: miezi yote ile alikuwa akiwachangia ninyi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi ya kazini. Mume wake ni fundi ujenzi, hela yake inakuja kwa msimu, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tulimwomba mwenye nyumba apokee ya miezi miwili, akakubali kwa masharti. Vikao vyetu vya Jumapili tukavihamisha kutoka hotelini kwenda kwa mmoja wetu, kila mtu analeta alichonacho, mchele au mboga. Hatukutangaza sababu. Aliendelea kuja.

Kwa hiyo kesho asubuhi usipige simu tena, nenda kwake. Ukifika usianze na habari za mchezo. Omba kuona barua, piga picha kila ukurasa pamoja na hati za mshahara alizonazo. Halafu ongea na kijumbe kabla ya kikao chenu, ili wenzako wakikaa kuamua wakute hesabu ya kukata michango ya mbele imeshaandikwa.