Kabla ya kuandika dawa ya kuzuia damu kuganda, piga hesabu ya figo

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo wodini, msiridhike na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) peke yake. Mchukue bibi wa miaka 78, kilo 48, mapigo ya moyo hayana mpangilio, kreatinini maikromoli 110 kwa lita. Kwenye karatasi ya maabara namba hiyo imezidi kidogo tu, na wengi huipita. Sasa tumia kanuni ya Cockcroft na Gault: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke (mwanamume ni 1.23), kisha gawanya kwa kreatinini. Unapata mililita 28 kwa dakika, makadirio ya kasi ya figo kusafisha damu. Figo zake zimechoka sana. Kreatinini haikupanda sana kwa sababu hana misuli ya kuizalisha. Kwa hiyo mpandishe kwenye mizani leo. Usinakili uzito wa mwaka jana kutoka kwenye faili.

Kati ya dawa za kuzuia damu kuganda, kwa bibi huyu dabigatrani naiogopa kuliko zote, kwani takriban asilimia 80 yake hutolewa na figo, na Ulaya hairuhusiwi mgonjwa akiwa chini ya mililita 30 kwa dakika. Rivaroksabani inashushwa kutoka miligramu 20 hadi 15 kwa siku, na ainywe pamoja na chakula. Apiksabani hutegemea figo kwa robo hivi tu. Kanuni yake ya kushusha dozi inataka mambo mawili kati ya matatu: umri wa 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au pungufu, kreatinini ya 133 au zaidi. Bibi ana moja tu, uzito, lakini mwongozo wa Ulaya unamshushia hata hivyo kwa kuwa yuko kati ya 15 na 29. Angalia hospitali yako inafuata mwongozo upi. Kushusha dozi kwa woga tu, bila sababu, kunamwachia mgonjwa kiharusi.

Warfarini huvunjwa na ini, lakini msidanganyike kwamba figo hazihusiki. Wagonjwa hawa huhitaji dozi ndogo, INR yao (kipimo cha muda wa damu kuganda) hupanda na kushuka ovyo, na urea ikijaa chembe sahani (zile zinazoziba jeraha) hazishikani vizuri. Anaweza kuvuja damu INR ikiwa 2.5. Hata hivyo, mwenye vali ya chuma, au vali ya mitrali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, abaki kwenye warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha kuwa wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa rivaroksabani walikufa zaidi.

Visa vingi vya kuvuja damu nilivyoviona vilianzia nyumbani. Ukiuliza, “Unatumia dawa nyingine?” utaambiwa hapana, maana diklofenaki ya dukani na mizizi ya kuchemsha watu hawavihesabu. Uliza, “Mama, magoti yakiuma unakunywa nini?” Hapo anafungua mkoba. Diklofenaki huumiza figo na tumbo kwa pamoja. Kotrimoksazoli na metronidazoli, dawa za kuua vijidudu, hupandisha INR ya mwenye warfarini. Siku mbili za kuharisha zinatosha kuiangusha ile 28. Mwambie yeye na anayemuuguza: choo kikiwa cheusi kama lami, au akitapika na kuharisha, aje siku hiyo hiyo, asingoje kliniki.

Kupanga kipimo kijacho cha figo, gawanya ile 28 kwa 10, upate miezi. Kwa bibi huyu ni chini ya miezi mitatu. Andika tarehe kwenye kadi yake kabla hajainuka.