Barua Yangu Haikuwa na Jina, Lakini Printa Ilinitaja

Pikipiki ya gombolola letu, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya hapa Uganda, ilikaa bila gurudumu la mbele tangu msimu wa maembe. Ilikuwa stoo, imeegemea magunia ya mbegu za maharage, na kuku wa askari alikuwa ametaga juu ya kiti chake. Mayai sita. Najua idadi kwa sababu ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Kwa hiyo siku niliyokuta kwenye faili vocha inayosema pikipiki hiyohiyo imejazwa lita 35 za petroli kwa siku moja, kwa ajili ya "ufuatiliaji wa miradi", kwanza nilicheka peke yangu. Tangi lake halipiti lita 12. Nikafungua vocha iliyofuata, na nyingine, kicheko kikanikauka.

Nilikuwa karani wa hesabu katika gombolola moja la West Nile, upande wa mpaka wa Kongo. Wilaya sitaitaja, watu wake bado tunazikana. Petroli kwetu wakati ule ilikuwa inachezea shilingi 5,000 kwa lita, na nilipojumlisha vocha za miezi saba nikapata kama milioni tatu na laki mbili. Si pesa ya kuangusha serikali. Lakini tulikuwa na visima viwili vya pampu vilivyokufa, na kila wiki mimi ndiye niliyekuwa nawaambia akina mama waliokuja na madumu yao mpaka barazani kwamba hakuna pesa ya vipuri.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtumishi hufanya: nikaandika barua isiyo na jina. Nilibaki ofisini jioni, nikaichapa, nikatoa nakala tatu, moja ya CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, moja ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, moja ya mwenyekiti wa LC5, baraza la wilaya. Nikafuta faili kwenye kompyuta. Nikazituma kwa basi ndani ya bahasha za kaki. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Baada ya wiki mbili mkubwa wetu akaitisha kikao. Aliweka barua yangu mezani, na kando yake fomu moja ya ofisi ya kuombea posho. Hakusema neno. Alipitisha kidole tu kwenye ukingo wa kulia wa karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Printa yetu ilikuwa na mkwaruzo ndani, mwaka mzima hakuna aliyeitengeneza, na kila karatasi iliyotoka pale ilikuwa na mstari wa kijivu mwembamba kama uzi, vidole viwili kutoka pembeni. Sote tulikuwa tumeuzoea hadi hatuuoni. "Jioni, ufunguo wa chumba cha kompyuta hukaa na nani?" akauliza. Watu wakatazama dari. Mimi pia nilitazama dari.

Barua ilimfikiaje? Kwa njia ya kawaida kabisa. Ofisi ya juu ikipokea malalamiko yasiyo na mwenyewe, mara nyingi huyashusha kwa yule anayelalamikiwa, juu yameandikwa kwa kalamu: "Tafadhali toa maelezo." Hakuna aliyevunja siri ya mtu, kwa kuwa karatasini hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile nikaitwa Redio. "Redio imefika, zimeni maongezi." Unacheka nao, ufanye nini.

Sasa hapa ndipo nataka uelewe adhabu ilivyo, maana wengi wanangoja kufukuzwa ndipo waseme wameonewa. Hakuna aliyenifukuza. Mwezi uliofuata nilipata barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali, "ili kuboresha utoaji wa huduma". Fomu yangu ya tathmini ya mwaka ilikaa mezani bila sahihi hadi muda ukapita. Kwenye orodha ya semina jina langu likasahaulika, mara moja, mara mbili. Halafu ikaja tarehe 28, siku ambayo mishahara inapaswa kuwa imeingia, simu za wenzangu zikalia moja baada ya nyingine, yangu ikanyamaza. Nilipouliza niliambiwa kuna kasoro katika namba yangu ya kompyuta. Kasoro hiyo ilichukua miezi miwili kurekebishwa. Kila jambo ukilitazama peke yake ni bahati mbaya. Hakuna hata karatasi moja iliyosema naadhibiwa kwa barua.

Nilimwendea mzee mmoja aliyewahi kuwa mkaguzi wa ndani, amestaafu, anafuga ng'ombe. Nikamweleza nataka kushtaki kwamba naonewa kwa sababu nilifichua wizi. Akaniuliza, "Barua umeisaini?" Nikasema hapana. "Kijana, ng'ombe asiye na alama ukimkuta katika zizi la mwenzio, utamdai vipi?"

Ndipo nilipoanza kuisoma sheria yenyewe. Ipo, na ni ya mwaka 2010: Sheria ya Kuwalinda Wafichuzi. Inasema mfichuzi asidhulumiwe na mwajiri wake wala na mtumishi mwenzake kwa sababu ya kufichua. Anayekudhulumu, au anayetoboa siri ya jina lako, anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini isiyozidi pointi 120 za sarafu, au vyote viwili. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo faini yote inaishia milioni mbili na laki nne. Ukidhulumiwa unapeleka malalamiko kwa IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali anayepambana na ufisadi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu. Ukiona maisha yako, mali yako au watu wa nyumbani kwako wako hatarini, unaweza kuomba ulinzi wa dola. Na mkataba wa kazi unaokukataza kufichua uovu hauna nguvu katika kipengele hicho.

Vizuri sana. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu aliyefichua kwa nia njema, anayeamini kwa sababu za msingi kwamba asemalo ni kweli, na aliyelisema kwa afisa anayetambuliwa na sheria. Inataka maelezo yako yawe na jina lako kamili, anwani na kazi yako. Ni kweli IGG hupokea hata malalamiko yasiyo na jina, na wakati mwingine huyafuatilia. Ila siku utakapotaka kusema "nimehamishwa kwa sababu ya taarifa yangu", utaonyesha nini kwamba taarifa ilikuwa yako? Mimi nilikuwa nimefichwa kwa wale tu ambao wangenisaidia. Waliotaka kuniumiza walikuwa na mstari wa printa.

Orodha ya mahali pa kwenda iko ndani ya sheria hiyo. Unaweza kuanza ndani, kwa mwajiri. Nje kuna IGG, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu, Kurugenzi ya Maadili na Uadilifu, ofisi ya RDC, Bunge, mamlaka ya NEMA kwa mambo ya mazingira, na polisi. Redio ya FM haimo. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi halimo. Mchungaji na shehe hawamo, ingawa wakuombee. Diwani wako hayumo kama diwani. Hata kile kitengo cha Ikulu cha kupambana na ufisadi, kilichoanzishwa 2018, kilikuja miaka minane baada ya orodha kuandikwa. Ukikipigia simu hufanyi kosa, lakini kama mimi ni ndugu yako nitakwambia upeleke pia nakala kwa mmoja wa waliotajwa.

Kwa maoni yangu mtumishi wa gombolola aende mbali na nyumbani. Kwenye miji yetu midogo wakubwa husali pamoja, hula mbuzi mmoja Jumamosi na hukopeshana magari. Simaanishi wote ni wabaya. Namaanisha bahasha yako itapita mikononi mwa tarishi ambaye ni shemeji ya mtu. IGG ana ofisi za kanda. Kwetu iko Arua mjini, na Tume ya Haki za Binadamu pia ina ofisi Arua. Nenda siku ya soko. Siku hiyo hakuna anayeshangaa kukuona kwenye matatu ya mjini na kikapu.

Mara ya pili ndivyo nilivyofanya. Sikubeba vocha hata moja, na hili nalisisitiza kwa vijana wanaodhani ushahidi ni kuiba faili. Ukiondoka na vocha halisi, kesho mwizi ni wewe: mali ya ofisi imekutwa chini ya godoro lako, na vocha yenyewe haipo tena mahali ambapo mchunguzi angeikuta. Nilichobeba ni daftari la shule la kurasa 48. Ndani yake nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, namba ya kila vocha, tarehe yake, lita, kiasi, aliyeidhinisha, na faili ilipo. Kando yake niliandika nilichokiona mwenyewe: siku fulani pikipiki iko stoo haina gurudumu, fundi fulani amekuja kuitazama akasema gurudumu linangoja pesa. Niliandika siku ileile jambo lilipotokea, si kwa kukumbuka baadaye. Afisa akiwa na namba ya vocha anaweza kuiita mwenyewe. Na kama unamjua raia asiye mtumishi mwenye moyo, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa haki ya kuiomba ofisi ya serikali kumbukumbu zake, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21.

Kwa afisa nilisema kwa mdomo. Sheria inaruhusu, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake cha barua za serikali kinakwaruza kama changu, ni nafuu kubwa. Aliandika, akanisomea, tukarekebisha tarehe mbili, nikatia sahihi. Nikaomba karatasi inayoonyesha kwamba nimepokelewa siku hiyo. Ile karatasi ndiyo alama ya ng'ombe. Nakala niliiacha kwa dada yangu, si nyumbani kwangu.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kusema kweli. Andika "nimeona" ulipoona, na "nimesikia" uliposikia. Usiongeze chumvi kwa hasira ya uhamisho. Taarifa ya uongo inayotolewa kwa kujua nayo ni kosa chini ya sheria hiyohiyo, na kiongozi aliyebanwa atatafuta uongo wako mmoja mdogo aufunike nao ukweli wako wote. Nilitaka sana kuandika kwamba mkubwa alinunua ng'ombe kwa pesa ya petroli. Nilijua ng'ombe. Sikujua pesa.

Baada ya hapo weka kumbukumbu ya kila kitu unachofanyiwa: barua ya uhamisho na tarehe yake, barua ya kutakiwa kujieleza, mshahara uliochelewa. Ijibu barua ya kujieleza ndani ya muda, kwa adabu, hata kama mkono unatetemeka. Ujue pia mipaka ya mamlaka ya mtu. CAO anaweza kukusimamisha kazi wakati uchunguzi unaendelea, na hapo utaishi kwa nusu mshahara. Kukufukuza ni kazi ya Tume ya Utumishi ya Wilaya, na uamuzi wake unakatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Ibara ya 173 ya Katiba inasema mtumishi wa umma asidhulumiwe wala kubaguliwa kwa kutimiza wajibu wake kwa uaminifu, wala asifukuzwe au kushushwa cheo bila sababu ya haki. Niliinakili kwa mkono ndani ya jalada la daftari langu. Nilipoitaja kwenye jibu langu la tatu, barua za kujieleza zilipungua kasi.

Watu huniuliza kuhusu zawadi. Ndiyo, mfichuzi anastahili asilimia 5 ya pesa zitakazookolewa kutokana na taarifa yake. Piga hesabu kwa milioni zangu tatu na laki mbili: 160,000. Ni mbuzi mmoja, tena si beberu. Usiingie katika jambo hili kwa ajili ya mbuzi.

Kosa langu ambalo bado linaniuma si la printa. Ni kwamba mke wangu alisikia habari hizi kisimani. Alirudi na dumu kichwani, akalitua taratibu, akaniuliza, "Baba watoto, wewe ndiye Redio?" Kabla ya kwenda popote, mwambie unayelala naye. Miezi ile miwili ya simu kunyamaza tuliishi kwa mihogo yake na mkopo wa kikundi chake cha akiba, na aliukopa bila kujua deni linatokana na nini.

Sasa niko nje ya kazi za serikali. Pesa za mafuta zilirudishwa sehemu, pikipiki ikavaa gurudumu. Mwezi uliopita kijana mmoja wa gombolola alinijia jioni, amevaa kofia ameishusha usoni, akatoa bahasha ya kaki kutoka ndani ya shati. "Mzee, isome kwanza kabla sijaituma. Jina sijaweka, kwa usalama." Niliitoa karatasi nikaisogeza kwenye taa. Vidole viwili kutoka pembeni, mstari wa kijivu.

Nikamwambia aketi. Nikamwita mke wangu atuletee chai, nikatafuta daftari jipya na kalamu, nikamuuliza jina lake kamili.