Damu baada ya kujifungua: macho au mfuko wa vipimo?

Je, yatosha kukadiria kwa macho damu anayotokwa mama baada ya kujifungua? La, hakutoshi, hata kwa mkunga mzoefu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kuwa mahali palipotumika mfuko wenye vipimo (unaokinga damu ya mama na kuonyesha kiasi chake) pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo (kukanda mji wa mimba, dawa ya oksitosini ya kukaza mji huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu na uchunguzi), asilimia 93 ya kinamama waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa, ilhali kwingine ni 51 tu. Wenzangu wa wodi za wazazi Dar es Salaam wasiutegemee mfuko peke yake, kwani utafiti wa Ulaya wa mwaka 2010 ulioupima hivyo haukuona visa vizito vikipungua.