Swift na MR-S yadini: mguu wa kulia ndio wa kufundishwa kwanza

Kijana akija yadini kwetu mara ya kwanza kujifunza kukata kona, huzunguka mbele ya gari letu la Toyota MR-S na kuniomba nifungue boneti aone injini. Nafungua, anakuta tairi la akiba. Wenzake wanacheka, yeye anaanza kuuliza maswali, na somo linakuwa limeshaanza bila mimi kujikohoza.

Yadi yenyewe msiitarajie makubwa. Ni eneo la lami la ghala la zamani upande wa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, ambalo mwenyewe anatuachia Jumapili tangu alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma. Koni zetu ni ndoo tupu za rangi, na muda tunapima kwa simu. Wapo wanaoniuliza kwa nini tusiende kujifunzia kona za Mombo kupanda Lushoto, barabara ile tamu. Ile barabara ina mabasi, bodaboda na watoto wa shule. Anayetaka kuifanya uwanja wa mbio asije kwangu.

Magari tunayofundishia ni mawili. La kwanza ni Suzuki Swift Sport ya mwili wa ZC32S: injini 1.6 iko mbele, matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, nguvu farasi 136, uzito kilo 1,050 hivi. La pili ni Toyota MR-S: injini 1.8 iko nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nguvu farasi 140, uzito kama kilo 1,000. Tazameni hizo namba vizuri. Nguvu karibu sawa, uzito karibu sawa. Na injini ya MR-S wala si ya ajabu, ni 1ZZ ile ile iliyomo kwenye Premio na Allion za 1.8 za toleo la kwanza, zile mnazopanda kila siku. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa tu, na hapo ndipo yanapotokea yote nitakayowaambia.

Jaribu hivi nyumbani. Jaza ndoo maji, ishike mbele yako mikono ikiwa imenyooka, kisha geuka ghafla kushoto halafu kulia. Utaona mwili unachelewa kuanza kugeuka, na ukishaanza unachelewa kusimama. Sasa ikumbatie ndoo hiyo hiyo kifuani ugeuke tena. Unageuka upesi mno, hata unaweza kupitiliza ulipokuwa unakwenda. Swift ni ndoo ya mikono iliyonyooka, asilimia 60 na ushei ya uzito wake imelala juu ya matairi ya mbele. MR-S ni ndoo ya kifuani, na zaidi kidogo ya nusu ya uzito iko nyuma.

Naanza na Swift, na nawaomba na nyinyi muanze nayo hata kama mfukoni mnazo za kununulia kubwa zaidi.

Tairi la mbele la Swift limepewa kazi tatu: kufunga breki, kukata kona, kuvuta gari. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na hili limeshikishwa matatu. Ukiingia kona na kasi kubwa huku unakanyaga mafuta, mshiko unaisha, na dalili utaipata mikononi kabla ya macho kuona: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umekatika na chini. Halafu matairi yanalia na pua inaanza kuifuata ndoo ya nje. Hapo kila mgeni, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anazidisha kukata usukani, na anazidisha mafuta ili "atoke". Yote mawili yanaliongezea kazi tairi lililokwisha kushindwa. Dawa yake ni ya kuudhi kwa upole wake: punguza mafuta kidogo, rudisha usukani kidogo, subiri. Ukiachia mafuta, uzito unarudi puani, matairi ya mbele yanauma lami tena na gari linakaza kona lenyewe. Wakati mwingine linakaza kuliko ulivyotaka, mkia unalegea kidogo, lakini ukigusa mafuta pua inavuta na gari linanyooka. Kosa limesamehewa.

Kusamehewa huko ndiko kuzuri na ndiko kubaya kwa Swift. Baada ya Jumapili tatu nne mguu wako wa kulia umeshakariri kwamba ukiona mambo yanaharibika, achia. Unajiona dereva.

Halafu unahamia MR-S.

Mimi nilihamia asubuhi moja ya manyunyu, lami imelowa nusu nusu. Raundi nne zilipita vizuri mno. Ya tano niliingia kona ndefu ya kushoto, ile inayozunguka nguzo ya taa, na kasi kidogo zaidi ya ile niliyoizoea. Nikasikia matairi ya nyuma yakinong'ona. Mguu ukafanya ulichofundishwa na Swift, ukaachia mafuta yote kwa mpigo. Mwenyewe sikuuamuru, uliachia tu. Nguzo ya taa ikapita mbele ya kioo, ukapita ukuta wa ghala, nguzo ikapita tena. Gari lilizunguka kama pia na kusimama likitazama tulikotoka, injini imezimika, ndoo moja ya rangi imekwama chini ya bampa. Kwa bahati yadi ni pana.

Umeshawahi kuteremka mlima na mkokoteni uliojaa nazi? Ukitembea nao sawasawa unakufuata. Ukisimama ghafla huku umegeuka, mzigo haukusubiri, unakupita ubavuni na kukuzungusha. Uzito wa nyuma wa MR-S ni huo mkokoteni. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona unayapunguzia matairi ya nyuma uzito unaoyakandamiza kwenye lami, wakati hayo ndiyo yanayouzuia mzigo usikupite. Na kwa kuwa gari lenyewe ni ndoo ya kifuani, likianza kugeuka haligeuki polepole.

Kwa hiyo kwenye MR-S maliza shughuli zako kabla ya kona. Breki ifungwe gari likiwa limenyooka, gia iteremshwe, kasi iwe ile unayoweza kuibeba. Ukiingia, shika mafuta kidogo tu, ya kulifanya gari litulie, mkao usibadilike. Ukisikia nyuma inanong'ona, tuliza mguu pale pale ulipo na fungua usukani. Ukilazimika kupunguza, punguza kama unayemlaza mtoto. Baadaye sana, ukishazoea, nitakufundisha kubeba breki kidogo hadi ndani ya kona ili pua ikae chini, maana pua ya gari hili ni nyepesi na raundi ya kwanza inaweza kukataa kukata kabisa.

Hili la raundi ya kwanza mtalijua kwa mkono. Kila mtu akirudi nataka ashuke na aguse matairi yote manne. Kwenye Swift ya mbele yana joto la kikaango, bega la nje limechakaa kama limepigwa tupa, na ya nyuma ni vuguvugu tu. Kwenye MR-S joto kubwa liko nyuma, na ya mbele yanachelewa kupata moto. Gari moja linazungumza na mikono, jingine linazungumza na kiuno. Kwenye MR-S umekaa karibu sana na kitovu cha mzunguko, mkia ukianza kwenda unausikia kwenye kiti kabla usukani haujasema lolote.

Nani mwepesi? Kwenye kona zetu za kubana, wageni wote niliowaona wanapata muda mzuri zaidi na Swift, kwa sababu hawaiogopi. Mimi napata mzuri zaidi na MR-S, tena kwa kidogo, na ninaupata sehemu moja: kutoka kwenye kona. Pale Swift inanyanyua mabega, tairi la mbele la ndani linazunguka bure kwa kuwa haina difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja lisizunguke bure peke yake, na mimi nasubiri. MR-S nikikanyaga, uzito unaenda nyuma yaliko matairi yanayosukuma, na gari linaondoka.

Msidharau gari la kuvuta mbele lakini. Honda Civic Type R mwaka 2017 ilizunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani wenye zaidi ya kilomita 20, kwa dakika 7 na sekunde 43.8, ikiwa na LSD na sasipenshi ya mbele iliyotengenezwa maalumu ili nguvu isiunyang'anye mkono usukani. Na ukitaka kuona kwamba mabishano haya ni ya zamani, angalia jina Cooper, watengenezaji wa magari ya mbio wa Uingereza. Magari yao ya injini nyuma ya dereva ndiyo yaliyompa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, na baada ya hapo wote wakaiga. Mwaka 1961 jina hilo hilo likabandikwa kwenye kigari cha kuvuta mbele, Mini Cooper, na 1964 Paddy Hopkirk akashinda nacho rali ya Monte Carlo.

Sasa ya gereji, maana huku ndiko mnakoharibu zaidi. Matairi ya MR-S hayalingani: mbele 185, nyuma 205, kiwanda kilitaka hivyo. Nimeletewa moja iliyovalishwa manne ya saizi moja ya mtumba kwa sababu yalikuwa bei nzuri, mwenyewe analalamika kwamba gari "lina mapepo". Nyuma ndiko kunakohitaji mshiko, usipunguze huko. Na tairi la mtumba soma tarehe yake ubavuni, namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri, yaani meno ya tairi, bado inaweza kuwa juu ya mpira uliokauka.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu, na hewa yetu ya pwani mnaijua. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 155, na ikichemka pedali inazama mpaka chini. Badilisheni kabla ya kuja. Na mkitoka raundini breki zikiwa za moto msivute hendibreki, wekeni jiwe.

Jumapili iliyopita kuna mdogo wangu mmoja, raundi mbili tu za Swift, kaja kuniomba ufunguo wa MR-S. Hapa Tanga tuna neno, waja leo waondoka leo. Nikamjazia ndoo maji, nikamwambia aikumbatie ageuke kwanza. Akalowa mpaka viatu. Kisha akachukua ufunguo wa Swift mwenyewe, mezani, bila kuniangalia.