Matema: vyungu vya Jumamosi na maji ya Ziwa Nyasa

SWALI: Mimi na mke wangu tunataka kwenda Matema mwezi wa saba. Tunapenda vyungu vya Wakisi, ila tulicholetewa mwaka jana kilipasuka mara ya kwanza kubandikwa jikoni. Twende siku gani, na kuogelea ziwani ni salama?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, fikeni Ijumaa. Soko la vyungu ni Jumamosi pale Lyulilo, kijiji cha bandari kama kilomita 2 kutoka Matema, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Nendeni asubuhi, mitumbwi ikishusha mzigo kutoka Ikombe wanakofinyanga akina mama wa Kikisi. Kutoka Mbeya mnapanda basi la Kyela, kisha gari la Matema kupitia Ipinda. Toeni fedha taslimu Kyela.

Kabla ya kulipa, kiweke chungu kiganjani ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa mlio mwembamba unaodumu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi, mzito, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Kwa safari, kijaze majani makavu ya mgomba ndani, ukizungushie mengine nje.

Chungu chenu huenda kilipasuliwa na joto la ghafla: tako limeshika moto huku ukingo ungali baridi. Kipya kiloweke usiku kucha. Asubuhi tia uji mwepesi wa unga wa mahindi hadi robo tatu, ukipike kwa mkaa kidogo saa nzima, kisha uache upoe humo humo. Wanga huziba vitundu vya udongo. Baada ya hapo usikibandike kitupu wala kukimiminia maji baridi kikiwa cha moto. Ukifuata haya, maharage yake utayapenda.

Kuhusu kuogelea, Ziwa Nyasa lina kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji tulivu yenye matete, kwa hiyo ogeleeni kwenye mchanga mtupu. Hatari hupungua, haiishi. Kapimeni wiki 6 hadi 8 baadaye hata kama hamuumwi. Dawa yake ni prazikwanteli. Midomo ya mito msiikaribie kabisa, kuna mamba.

Mkitaka kufika Ikombe wenyewe, ondokeni alfajiri na muombe jaketi okozi. Mwezi wa saba upepo wa kusini huvuma urefu wote wa ziwa, na mawimbi yanaishia huku kaskazini. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.