Takwimu za Uwanjani na Mapato ya Mlangoni

Swali lenu la wiki hii liliuliza hivi: je, takwimu zinaongeza au zinapunguza utamu wa burudani unayoipenda? Najibu nikiwa mpenzi wa vitu viwili ambavyo hapa Marekani, ninakoishi na kufanya kazi, vimezungukwa na tarakimu pande zote. Kimoja ni filamu kubwa zinazotolewa msimu wa kiangazi. Kingine ni besiboli ya fantasi, yaani ule mchezo ambao mashabiki huunda timu zao wenyewe kwa majina ya wachezaji halisi na kupata alama kutokana na wanachokifanya uwanjani. Jibu langu ni kwamba inategemea tarakimu hiyo inapima kazi ya nani. Takwimu za besiboli zimenizoesha kumtazama mchezaji kwa makini kuliko zamani, ilhali mapato ya mlangoni, ambayo ndiyo takwimu inayotangazwa kila Jumapili kuhusu filamu, yanawafanya mashabiki wengi waizungumzie filamu kwa saa nzima bila kutaja tukio hata moja lililomo ndani yake.

Wasomaji wengi wanaifahamu fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo imeshika kweli kweli Afrika Mashariki: unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unachagua wachezaji 15, unampa mmoja unahodha ili pointi zake zihesabiwe mara mbili, na Jumatatu watu wanatambiana kazini. Besiboli ya fantasi ni kaka yake mkubwa. Ilipata umbo lake la sasa mwaka 1980, pale mwandishi na mhariri Daniel Okrent alipowakusanya rafiki zake wa New York na kuwapa kanuni za ligi yao, na jina la Rotisserie, ambalo ligi za aina hiyo zinalibeba hadi leo, lilitokana na mkahawa wa La Rotisserie Française walikokuwa wakikutania. Kanuni zilizozoeleka zinampa kila mwenye timu dola 260 za kununulia wachezaji 23 kwenye mnada, kisha timu zinashindanishwa katika vipengele vya takwimu kwa msimu mzima, ambao kwa kila timu halisi ni michezo 162. Kuna tofauti moja inayobadilisha kila kitu. Kwenye fantasi ya soka, watu milioni wanaweza kummiliki mshambuliaji yule yule kwa wakati mmoja. Kwenye mnada wa besiboli mchezaji akishanunuliwa amekwenda, na waliobaki hawana budi kumjua anayemfuata, na anayemfuata huyo, hadi kwenye vijana ambao hawajapanda ligi kuu.

Mnada wetu hufanyika mwezi Machi sebuleni kwa mmoja wa wafanyakazi wenzangu. Mtu anataja jina na kuanza kwa dola 1, bei inazunguka meza ikipanda dola moja moja, wengine wanajifanya hawana haja na mchezaji wanayemtaka kuliko wote, na ukimya unaoingia kabla ya neno la mwisho una uzito wake. Nyota huondoka kwa dola 40 na zaidi. Lakini sehemu ninayoipenda ni ya mwisho, saa ambayo kila mtu amebakiwa na dola 2 au 3 na nafasi zilizobaki ni za wadakaji wa akiba na warushaji wa katikati ya mchezo (mrushaji humtupia mpira mpigaji mwenye gongo wa timu pinzani, na mdakaji huudaka nyuma ya mpigaji huyo), watu ambao gazeti haliwaandiki. Hapo ndipo mtu aliyekuwa kimya usiku kucha anapotaja jina ambalo nusu ya meza hailijui, na akiulizwa sababu anaeleza kwamba kijana huyo alibadilisha namna anavyoushika mpira Agosti iliyopita, na kwamba tangu hapo wapigaji wa mkono wa kushoto wanaukosa mpira wake mfululizo. Mtu huyo ameangalia. Ili aitumie dola yake ya mwisho vizuri, amelazimika kukaa na michezo ambayo hakuna mwingine aliyeitazama.

Baadhi ya takwimu za zamani zilionekana nzuri na kumbe zilikuwa zinadanganya, na mashabiki wa fantasi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuumizwa nazo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Jacob deGrom mwaka 2018, alipokuwa mrushaji wa New York Mets. Msimu ule aliruhusu wastani wa pointi 1.70 tu kwa kila vipindi 9, yaani mchezo mmoja kamili, wastani bora kuliko wa mrushaji mwingine yeyote anayeanza mchezo katika ligi kuu, na akawatoa wapigaji 269 kwa kuwakosesha mpira. Pamoja na hayo yote, kwenye safu ya ushindi na kushindwa aliandikiwa ushindi 10 na kushindwa 9. Sababu ni kwamba mrushaji huandikiwa ushindi ikiwa timu yake imechukua uongozi usiopotea tena wakati yeye bado ndiye mrushaji wake, na wapigaji wa Mets walikuwa hawafungi alipokuwa kazini. Safu ile ilikuwa inapima kazi ya watu wengine na kuiandika kwa jina lake. Zamani ilikuwa vigumu mrushaji anayeanza mchezo afikiriwe tuzo akiwa na ushindi 10 tu. DeGrom alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, kwa kura 29 kati ya 30 za nafasi ya kwanza, na ligi nyingi za fantasi zimeshauondoa ushindi kwenye vipengele vyake na kuweka kipimo kinachomwangalia mrushaji mwenyewe.

Naamini mapato ya mlangoni ni safu ya ushindi ya mrushaji, tofauti ikiwa kwamba mashabiki wa filamu bado hatujaistukia. Filamu inaweza kukusanya mamilioni wikendi ya kwanza kwa sababu ilifunguliwa katika kumbi nyingi, kwa sababu ilipangiwa wikendi ya sikukuu, kwa sababu hakukuwa na mshindani, au kwa sababu sehemu kubwa ya tiketi ziliuzwa kwa bei ya juu ya kumbi za skrini kubwa. Fedha hizo zenyewe haziendi zote kwa studio, maana kwa makadirio ya kawaida nusu hivi hubaki kwa wenye kumbi, na gharama za matangazo hazionekani katika bajeti inayotangazwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mwongozaji, mwigizaji au mpiga picha alikifanya mbele ya kamera. Hata hivyo, watu wazima wanaopenda filamu kwa dhati wanabishana kwa tarakimu hizo kana kwamba wana hisa kwenye kampuni.

Angalia pia jinsi hukumu inavyotolewa haraka. Titanic ilipofunguliwa Desemba 1997 ilikusanya Marekani na Kanada dola milioni 28 na ushee katika wikendi yake ya kwanza, halafu ikakaa kileleni wiki 15 mfululizo na kumaliza mzunguko wake wa kwanza katika soko hilo na dola milioni 600. Wikendi ile ya kwanza haikufikia hata asilimia 5 ya kilichokuja kupatikana. Mwaka 2019 Avengers: Endgame ilifunguliwa katika kumbi zaidi ya 4,600 na kuvuna milioni 357 kwa wikendi moja, kati ya milioni 858 ilizopata soko hilo hilo hadi mwisho, yaani siku chache za mwanzo zilibeba kiasi cha mbili ya tano ya safari nzima. Filamu ya leo ikikosa siku hizo tatu, Jumatatu imeshaandikwa kuwa imeanguka, na wiki chache baadaye haipo ukumbini. Kwenye besiboli hakuna mtu mwenye akili timamu anayemhukumu mchezaji kwa michezo mitatu ya mwanzo. Mwaka 2024, Aprili inakwisha, Aaron Judge wa New York Yankees alikuwa anazunguka karibu na wastani wa kupiga wa .200, yaani mapigo mawili yaliyofaulu katika kila majaribio kumi, na mashabiki wake mwenyewe walikuwa wamekwisha kumzomea. Alimaliza msimu na wastani wa .322 na mapigo 58 ya kuvusha mpira nje ya uwanja, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake bila kura hata moja kupotea. Aliyemuuza mwezi wa Mei alijifunza kusubiri.

Na filamu nayo ina akina Judge wake, ila wengi wao hawapewi mwezi wa Mei. The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 ilikusanya dola milioni 16 hivi katika mzunguko wake wa kwanza, wakati iligharimu milioni 25. Iliteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, ikaingia kwenye kanda za video na televisheni, na leo ni vigumu kumpata mtu wa rika langu ambaye hajaiona na kuipenda. Nikiwa kijana Tanzania, mimi na wenzangu tulizitazama filamu za Marekani katika vibanda umiza, nyingine zikiwa na sauti ya Lufufu akitafsiri na kusimulia juu ya picha, na hakuna aliyejua wala kuuliza filamu ilipata shilingi ngapi huko ilikotoka. Filamu ilipimwa kwa kuombwa irudiwe. Sidai kwamba kipimo kile kilitosha, kwa kuwa tulipenda mapigano kuliko haki yake, lakini kilikuwa kinaipima filamu.

Nasema haya nikiwa mtu anayezipenda filamu kubwa bila kusitasita. Siamini kabisa kwamba bajeti kubwa huua sanaa. Chukua Black Panther ya mwaka 2018, filamu ya mfalme shujaa wa nchi ya kufikirika ya Afrika, ambayo Lupita Nyong'o aliigiza na ambayo ilizinduliwa pia Kisumu, nyumbani kwao. Vyombo vya habari viliitangaza kwa milioni 202 za wikendi ya kwanza, na baadaye kwa kuvuka bilioni 1.3 duniani. Mimi nilirudi kuitazama kwa ajili ya nguo. Mavazi mekundu ya walinzi wa kike yana shanga zinazomkumbusha mtu wa kwetu Wamaasai mara tu anapoyaona; mablanketi ya watu wa mpakani ni ya Lesotho; taji la mama malkia limechukua umbo la kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ila limetengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu (3D). Ruth E. Carter alipata Oscar kwa mavazi hayo, na Hannah Beachler akapata yake kwa ubunifu wa mandhari. Fedha nyingi ndizo zilizowezesha kazi ile, na kazi ile haionekani popote katika milioni 202. Laiti pangekuwa na mashabiki wanaobishana juu ya Carter na Beachler kwa undani ambao wenzangu wa mnadani wanabishania mrushaji wa dola 1.

Wapo watakaonijibu kwamba fantasi nayo ina madhara yake, na wako sahihi. Inamgawa mtu moyo. Shabiki anaiombea timu yake ishinde, huku akitaka mpigaji wa wapinzani, aliye kwenye orodha yake, avushe mpira mara mbili, na mzee aliyefuata timu moja tangu utotoni akilitazama jambo hilo analiona ni usaliti. Mimi nimelikubali kwa sababu limenipa macho ya kuiona timu ya pili. Nisichokikubali ni fantasi za siku moja zenye dau la fedha, ambazo sasa zimekaa jirani kabisa na kubeti. Mwenye mkeka hahitaji kumjua mdakaji wa akiba. Anahitaji matokeo ya usiku huu tu, na kesho anaanza upya na majina mengine.

Kuna waliojaribu kuifanyia filamu fantasi yake. Mwaka 1996 ulianzishwa mchezo wa Hollywood Stock Exchange, ambao washiriki walinunua na kuuza hisa za kufikirika za filamu na waigizaji kwa fedha za kufikirika. Ni mchezo uliobuniwa kwa ustadi, lakini hisa ya filamu ililipwa kulingana na mapato ya mlangoni, kwa hiyo aliyeucheza vizuri alijifunza soko. Aliweza kushinda bila kuingia ukumbini.

Kwa kuwa gazeti lenu lina ukurasa wa filamu wenye jedwali la mapato kila wiki, nina ombi linalotokana na jibu hili. Wafaransa, wanapotangaza mafanikio ya filamu, huhesabu tiketi: watu wangapi waliingia. Wanajua kwamba Titanic ilitazamwa kwao na zaidi ya watu milioni 20, na tarakimu hiyo inaweza kulinganishwa na ya filamu ya mwaka wowote, kwa sababu mtazamaji mmoja wa mwaka 1998 ni sawa na mtazamaji mmoja wa leo. Fedha haziko hivyo. Mwaka 1975, Jaws ilipofunguliwa katika kumbi 400 na ushee na kuzaa biashara hii ya filamu za kiangazi, tiketi ya Marekani ilikuwa kama dola 2. Mwaka 2019 ilikuwa zaidi ya dola 9. Inakadiriwa kwamba Jaws, pamoja na marudio yake, iliuza Marekani na Kanada tiketi nyingi kuliko Endgame, ingawa jedwali la dola linaiweka mbali sana chini. Wekeni basi idadi ya tiketi pale inapopatikana, na kando yake wekeni safu ya pili ionyeshe filamu imepoteza asilimia ngapi ya watazamaji kutoka wiki ya kwanza hadi ya pili, kwa maana safu hiyo inategemea zaidi waliokwisha kuiona na walichowaambia ndugu na jirani zao, na humo filamu yenyewe ina sehemu.